Kifaa cha Marehemu Taratibu Kilikuwa Kizima

Marehemu, tuliyezoea kumwita Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi. Jina hilo alipewa na mama yake, maana hata barabara ikiwa tupu alipiga kengele ya baiskeli njia nzima. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, ndiye aliyepakiwa nyuma akimcheka.

Alisoma sekondari ya ufundi, na mwaka 1992 akahitimu uhandisi wa umeme. Akaajiriwa katika karakana ya kubuni vifaa vya kumsaidia dereva kuepuka ajali. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kamera ndogo ya kutazama macho ya dereva: akisinzia, usukani unatetemeka na kengele inalia.

Mwaka 1997 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Walifahamiana siku mwalimu huyo alipogonga nguzo akirudisha gari nyuma. Badala ya kumpa pole, marehemu akapima umbali kwa hatua.

"Ungeonywa mita mbili kabla," akasema.

"Na wewe ungefundwa adabu kabla," akajibiwa.

Tarehe 17 Juni 2014, saa nane mchana, gari la majaribio liligonga lori lililoegeshwa. Marehemu akavunjika nyonga. Katika ripoti aliandika kwamba kifaa chake kilishindwa. Kikatupwa stoo, naye akahamishiwa dawati la vipuri.

Huo ulikuwa uongo, na mdogo wake hawezi kumzika nao. Aliyeendesha ni mdogo wake huyu, kwa kazi aliyotafutiwa na kaka yake. Kengele ilimkera, akabandika plasta juu ya kamera, akasinzia. Hospitalini alitaka kusema ukweli.

"Nyamaza, mdogo wangu," marehemu akamwambia. "Wewe una watoto wadogo. Mimi watanisema tu."

Akanyamaza karibu miaka kumi, kaka yake akichekwa kazini. Anaona aibu kubwa.

Marehemu aliugua figo tangu 2022. Mwezi uliopita mdogo wake alimwomba msamaha.

"Nilishakusamehe zamani," alijibu. "Lakini kile kifaa, bwana! Kingeamsha watu wengi."

Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, saa tano asubuhi. Jumatatu mdogo wake aliwapelekea wakuu wa karakana maelezo yenye sahihi yake, pamoja na leseni yake ya udereva.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake huyu. Wenzake wa karakana mliopo hapa, kitoeni kifaa chake stoo. Naye apumzike kwa amani, wala asichekwe tena.