Mwalimu Opicho na Koti la Askofu

Familia inawasalimu nyote mliofika hapa Kayole, mliokuja kulia na mliokuja kuhakikisha kwamba amekufa kweli, na inaomba radhi kwa jua hili, kwani kanisa lililo nyuma yetu limefungwa kwa kufuli, na Askofu ametuma ujumbe kwamba litafunguliwa ili mwili upite ndani, mradi tu isomwe hapa hadharani kwamba marehemu alitubu. Mjumbe wake, Mzee Nyamai, ameketi mbele na ufunguo mfukoni.

Griffins Opicho alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kimilili, Bungoma, akasoma huko hadi kidato cha sita, akaingia chuo cha ualimu, na Januari 1982 akaanza kufundisha historia katika shule moja ya upili Makadara, hadi alipostaafu mwaka wa 2018. Alimwoa Muhonja tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa Mulama, na Mideva anayewasomea haya.

Waliopita mikononi mwake wanakumbuka somo ambalo halikuwa kwenye silabasi, la uasi wa mwaka wa 1536 kaskazini mwa Uingereza, mfalme Henry wa Nane alipojitenga na Roma, akaanza kufunga nyumba za watawa, zile ndogo kwanza, na watu waliopata chakula na sala humo, wakiwa pia wamechoshwa na ushuru, wakainuka. Ulianzia mji wa Louth, kwa uvumi kwamba hata vyombo vya kanisa vitachukuliwa, ukaenea Yorkshire, ambako wakili Robert Aske aliongoza maelfu chini ya bendera ya majeraha ya Kristo, hata jeshi la mfalme likaonekana dogo. Mfalme akaahidi msamaha na bunge, Aske akawarudisha watu nyumbani, akaalikwa Krismasi, akavishwa koti jekundu, na fujo nyingine ilipozuka, ambayo yeye mwenyewe alijaribu kuizima, mfalme akapata kisingizio, na Aske akanyongwa mjini York. Mwanafunzi mmoja, Job Owino, aliuliza, "Mwalimu, si huyo jamaa alichezwa tu?" Mwalimu akajibu kwamba ndiyo maana anawafundisha historia, wasije nao wakachezwa.

Kanisa hili alilijenga na majirani mwaka wa 1992, mlango huo akautia bawaba kwa mikono yake, na kila Jumamosi watoto wa ploti hizi walikunywa uji humo. Mwaka wa 2022 Askofu alimaliza jumba lake la ibada la vioo kule mtaa wa Fedha, likakosa watu wa kulijaza, kwa hiyo akaamuru makanisa madogo yafungwe, na Oktoba akatuma kamati ije kuhesabu ngoma na vikombe vyetu. Mwalimu aliwaongoza waumini kwa miguu hadi Fedha, wakaziba lango wakiimba, na walinzi wa Askofu wakatoweka. Askofu, ambaye hujua kulia machozi anapoyahitaji, alitoka akaahidi kwamba Kayole haitaguswa na hakuna atakayeadhibiwa, na Mwalimu akawarudisha watu nyumbani.

Krismasi hiyo alialikwa chai kwa Askofu, akarudi amevaa koti jipya la rangi ya damu ya mzee, anatabasamu kama bwana harusi. Mama yetu Muhonja alilitazama akauliza, "Na lile la Aske lilikuwa la rangi gani?" Mwalimu akalivua, akalikunja.

Januari kufuli hilo lilitiwa kwa amri ya Askofu, Owino akaja kulikata, Mwalimu akamkimbilia kumsihi aache, na Jumapili iliyofuata Askofu akatangaza kwamba Kayole wamevunja ahadi, akamfukuza Mwalimu na kumvua kanzu ya msomaji wa ibada. Wale waliokuwa wameapa kufa naye walikuwa humo humo Fedha, kwenye viti vya mito, wakisema amina, na wengine wao leo wamekuja mapema kutafuta viti vya kivulini. Shukrani ya punda ni mateke, na familia imeizoea.

Aliugua shinikizo la damu, akapata kiharusi mwezi wa Mei mwaka jana, na akafariki Jumanne iliyopita alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Kuhusu kutubu, familia inathibitisha kwamba alitubu, tena kwa moyo wote, na maneno yake ya mwisho, Mama akiwa shahidi, ni haya: "Sikupaswa kuwarudisha nyumbani."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ploti waliopika na kulala nasi matangani, walimu wenzake wa Makadara, na Owino, aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kliniki mwaka mzima bila kuombwa. Tunamshukuru pia Mzee Nyamai, na tunamwomba asisahau koti la Askofu, limekunjwa juu ya kiti kilicho kando yake, halikuvaliwa tena tangu Krismasi ile.

Marehemu alitubu, imesomwa hadharani. Mzee, tunaomba ufunguo.

Nawe Baba, upite mlangoni mwako, ukapumzike kwa amani waliyokunyima.