Mlango Usiokubali "Ni Miye"

Kwa heshima kubwa, idara ya informatique, yaani ya kompyuta, inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa saba, mlango wa bureau ya mwisho koridoni utafunguliwa kwa yeyote atakayebisha na kujibu "Ni miye."

Mama Béata Umuhoza anastaafu tarehe 30 mwezi wa sita, baada ya miaka ishirini na sita katika wakala wetu wa mizigo hapa Goma. Kwake hilo halikuwa jibu. "Miye si jina ya mutu," alisema kutoka ndani, na hata Directeur alisimama nje na chai yake hadi ataje jina lote, pamoja na la ubatizo.

Aliingia kama dactylo, mpiga taipu. Java, lugha ya kuandikia program, alijifunza mwenyewe. Program yetu imejengwa kwa vipande: cha mizigo, cha wateja, cha magari. Zamani huduma zake tulizoyafungulia matawi ya mbali zilimjibu kila aliyejua anwani yake mtandaoni. Ndipo Bulonza, mfanyabiashara wa mtaa wa Birere, alipokuja kutushukuru: kila asubuhi alikuwa anasoma orodha ya mizigo ya mshindani wake. Directeur alizipokea shukrani kabla ya kuelewa.

Mama Béata alielewa mara moja. Tangu hapo vipande vinaongea humo ndani kama ndugu, lakini anayebisha kutoka nje huonyesha cheti cha mashine yake, hutaja neno la siri, na hupewa kilicho chake tu. Cheti kisichotumika miezi mitatu hufutwa. Wengi walibembeleza, hakuna aliyefaulu.

Ila Rutshuru. Habineza, aliyeendesha tawi la huko, alipiga simu kila asubuhi mashine yake ikishakubaliwa. "Ni miye, mama," alisema, na yeye peke yake alijibiwa. Mara moja alituma mkungu wa ndizi wenye lebo "Kwa Usalama wa Huduma". Barabara ya huko ilipofungwa kwa vita, mashine iliacha kubisha, na simu nayo ikanyamaza. Sasa ni miaka miwili. Rémy wa idara yetu alimkumbusha Mama Béata kanuni yake mwenyewe: mlango usiotumika ni hatari. "Unasema kweli, mutoto yangu," alijibu. "Huo uache." Kila mwaka amekirefusha cheti cha Rutshuru kwa mkono wake, na kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, hutazama kwanza mstari wa Rutshuru kwenye skrini. Siku hizi tunajikuta tunautazama pamoja naye.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba Rutshuru isifutwe. Tumekubali kwa makofi.

Aksanti sana, Mama Béata. Pumzika vizuri. Kila atakayebisha kwako na awe na jina, na siku moja mmoja wao aseme tu, "Ni miye."

Cheti cha Rutshuru kinaisha muda Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe 30. Mrithi wa Mama Béata, wa kukirefusha, hajateuliwa.