Mama Gokseong na Maumivu Aliyoyaficha

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na ninyi majirani mlioacha miche ya pilipili juani mkaja kutusitiri, familia imemteua mkwe wake mkubwa, Noh Taegyun, mume wa Eunok, anayesimama mbele yenu, awasomee maisha ya mama yetu, na imemwagiza asiyapambe, kwa sababu marehemu hakupenda kupambwa, na kwa sababu nusu yenu mlikuwepo na akikosea mtamsahihisha hapahapa bila haya.

Marehemu Tak Jeomrye alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, wilayani Gokseong, akiwa mtoto wa pili kati ya saba, na alipoolewa huku Sunchang akaitwa Mama Gokseong, kama tunavyowaita wanawake wetu kwa kwao walikotoka, hata wengi wenu jina lake la kuzaliwa mmelisoma leo kwa mara ya kwanza pale mlangoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akaishia darasa la nne, wala si kwa uzito wa kichwa, maana hesabu za soko alizifanya kwa mdomo kabla mwenye mashine hajabonyeza, bali kwa sababu mdogo wake wa mwisho alihitaji mtu wa kumbeba mgongoni, na mgongo uliokuwa tayari ulikuwa wa kwake.

Tarehe 22 Novemba 1967 alifunga ndoa na marehemu Bang Gwiseok, mkulima wa kijiji hiki cha Seokdong, ambaye kabla ya harusi alikuwa amekutanishwa naye mara moja tu kwa mshenga, na kwa maelezo ya mama mwenyewe siku hiyo aliona masikio tu, kwa kuwa aliinamisha kichwa na yule bwana masikio alikuwa nayo kwelikweli. Walijaliwa watoto wawili, Eunok mwaka 1969 na Sangpil mwaka 1972, wote walizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na mara zote mbili marehemu aliuma taulo asitoe sauti, mpaka mama mkwe wake akazunguka kijiji kizima akijisifu, “Mkwe wangu anazaa kama mtu anayepiga chafya!” Familia inaamini sifa hiyo ilimdhuru kuliko ugonjwa wowote, kwani tangu hapo akawa yule mwanamke asiyeumwa, na cheo hicho hakukubali kukivua.

Kazi yake ilikuwa shamba la pilipili, akichuchumaa kwenye matuta karibu nusu karne, kile kigoda cha sponji kikiwa kimefungwa makalioni, na hata baada ya mumewe kufariki tarehe 2 Februari 2009 aliendelea peke yake, akichuma, akianika, akisaga, akiwatumia watoto mjini unga wa pilipili ambao hawakuwahi kuumaliza. Magoti yake yakaisha, mfupa ukawa unasaga mfupa, ngazi ya barazani akawa anaishuka kinyumenyume, na akiulizwa anasema ni mtindo mpya.

Tarehe 4 Julai 2016, katika hospitali moja ya mjini Jeonju, alibadilishiwa goti la kushoto, na kabla hajatoka chumba cha upasuaji alichomwa dawa ya ganzi ya muda mrefu, kuzunguka goti lenyewe na kwenye mshipa wa fahamu wa paja, hivyo alipozinduka mguu ulikuwa kimya kabisa, akashangaa, akaugonga kwa kijiko, akacheka. Kila muuguzi alipopita kumuuliza, “Bibi, kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?” alijibu, “Sifuri, mwanangu, nenda kawaangalie wagonjwa,” na vidonge vya maumivu alivyopewa vya kumeza kwa saa zake alivitia mdomoni, akavificha shavuni, muuguzi akitoka anavitema na kuvikausha kwa kitambaa, akivihifadhi kwenye soksi, kwa hoja kwamba haumwi, na pale ukumbi wa wazee kijijini kuna watu wanaumwa. Mliozoea ukumbi ule mnajua hakuna anayemeza dawa yake peke yake, ya presha hugawanwa, ya tumbo hugawanwa, na anayerudi kutoka hospitali kubwa mikono mitupu huonekana mchoyo.

Kesho yake mchana, akiwa na bakuli la supu ya mwani, ganzi ikaanza kumtoka, na kwa kuwa mwilini hamkuwa na kidonge hata kimoja cha kuipokea zamu, maumivu yakamwingia yote kwa mkupuo, akaloa jasho mpaka shuka, na muuguzi alipokuja kuuliza akasema, “Kidogo tu.” Ikawa hivyo siku zote alizolazwa, kijana wa mazoezi ya viungo akifika kulikunja goti anaambiwa goti limelala lisiamshwe, bibi huyuhuyu aliyekuwa akiwachekesha wodi nzima akauminya mguu chini ya blanketi asimruhusu mtu kuugusa, na aliporudi nyumbani mwezi Agosti goti jipya lilikuwa limekakamaa kama ubao, halikunjiki, hakai chini, na mara mbili alianguka njiani kwenda chooni.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka huo, tarehe 15 Septemba, watoto walikutana sebuleni wakakubaliana kwamba mama hawezi tena kuishi peke yake, Eunok akamwandikisha katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Jeonju, kitanda kando ya dirisha, na marehemu aliyasikiliza yote akimenya peasi. Jambo alilolitaka maishani lilikuwa moja, kuzeekea na kufia katika nyumba ile, wote tulilijua, na sasa lilikuwa linamponyoka kwa ajili ya goti.

Ndipo Mama Namwon, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye yupo pale mstari wa mbele na familia imemwomba ruhusa ya kulisema hili, akaingia na sahani ya keki za mchele, akaketi, akasema mbele ya wote, “Ee Gokseong, vile vidonge vyako vya hospitali vimeniponya mgongo, hujabakiza vingine?” Eunok akauliza, “Vidonge gani, Mama?” na Mama Namwon, ambaye hajawahi kuacha swali bila jibu, akaeleza habari ya soksi mwanzo hadi mwisho.

Eunok alipaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, “Mama! Ulifunguliwa goti zima, halafu dawa unampa Mama Namwon?” Marehemu akajitetea kwamba wakati ule alikuwa haumwi, na Eunok akamuuliza, je, ilipoanza kuuma? Mwanamke yule wa miaka sabini akaiweka peasi chini, akasema taratibu, “Iliuma, mwanangu. Iliuma mpaka nikamwita mama yangu.” Eunok alilia, na Sangpil alitoka nje akasimama karibu na mitungi ya kuchachushia soya.

Marehemu alirudishwa hospitali, na daktari wa usingizi, Daktari Ki, hakumkaripia, alivuta kiti akamweleza kwamba ganzi haiponyi goti, inakuazima muda tu, na vidonge humezwa mguu ukiwa bado umelala, ili ganzi ikiondoka ivikute viko kazini. Akaahidi kwamba goti litakunjwa akiwa usingizini, kisha ataachiwa mrija mwembamba pajani wa kudondosha ganzi kwa siku kadhaa, aweze kufanya mazoezi, kwa sharti moja, aseme kweli. Akamuuliza hapohapo maumivu ya wakati ule ni ngapi. Marehemu akasema, “Mbili,” akamtazama binti yake, akainama, akasema, “Hapana. Saba.” Daktari Ki akamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Goti lilikunjwa tarehe 26 Septemba 2016, marehemu akameza kila kidonge mbele ya Eunok akiufungua mdomo kama mtoto, akalia waziwazi kwenye mazoezi, akamwita yule kijana wa mazoezi muuaji na kesho yake akamletea matunda ya kaki, na kabla ya theluji alikuwa amerudi Seokdong kwa miguu yake. Goti la kulia lilibadilishwa Novemba 2017, baada ya mavuno, bila kisa, ila kwamba Mama Namwon alikatazwa kwenda kumtazama mpaka dawa ziishe.

Mwezi Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akakataa kulazwa, na muuguzi wa wagonjwa wa majumbani akawa anakuja na dawa za maumivu, zikichelewa marehemu anapiga simu mwenyewe akifoka, “Inauma, nasema inauma, au mnangoja niandike barua?” na kelele zile Eunok alizipenda kuliko wimbo wowote wa kanisani. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, akiwa katika chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi upande wa shamba, Eunok alimuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba haumwi popote, na tukamwamini. Alifariki saa tano asubuhi.

Familia inamshukuru Daktari Ki na wauguzi wa Jeonju, muuguzi wa majumbani aliyevumilia matusi, mchungaji na kanisa, wanaukumbi wa wazee, na majirani mliolichukua shamba lake mkapanda bila kuombwa. Tunawashukuru pia wasimamizi wa ile nyumba ya wazee, ambao kwa miaka karibu tisa walikuwa wakipiga simu kuuliza Bi. Tak anakuja lini, na tunawaomba sasa kile kitanda cha dirishani wampe mwingine.

Mama Gokseong, pumzika kwa amani, umefia nyumbani kwako.