Saah Karudi Logan Town

Mwaka ule wa Ebola, Monrovia iliacha kupeana mikono, lakini kubishana haikuacha. Pale Logan Town, kwenye kibanda cha Sekou mchemsha chai, benchi lililozoea kubeba watu sita sasa lilibeba wawili, mmoja kila ncha, katikati ndoo ya maji ya klorini. Zamani bilauri mbili ndogo za chai kali zilizunguka midomo yote. Sasa kila mtu alikuja na chombo chake. Jenerali alikuja na kikombe cha mjukuu wake chenye picha ya bata. Huyo Jenerali vita vyote alibeba sufuria za wapiganaji, bunduki hakuigusa, ila cheo kilimganda. Ncha ya pili alikaa Flomo, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hana betri na hazimiki.

– Mmesikia? – Redio alianza. – Saah kaonekana sokoni Duala.

– Saah yupi? – akauliza Jenerali.

– Saah wangapi unawajua wewe? Saah fundi viatu. Yule aliyebebwa na ambulensi mwezi jana.

– Si alikufa?

– Ndiyo ujiulize! Mtu aingie kule kwenye mahema ya wagonjwa, atoke anatembea? Huyo siyo Saah.

Sekou alikuwa akimimina chai kutoka juu, povu likipanda.

– Ni nani basi? Shangazi yake?

– Wamemwazima mtu sura yake. Saah wetu ana pengo. Huyu ana meno yote, yamejaa kama mahindi.

– Umeyaona?

– Kaniambia mtu aliyemwona kwa nyuma.

– Meno siku hizi yanaonekana kwa nyuma?

Jenerali akakohoa. Redio akasogea kidogo, halafu akajifanya hakusogea.

– Acheni utoto – akasema Jenerali. – Mimi nimepigana vita, haya mambo nayajua.

– Umepigana na ukoko wa wali, mzee wangu – Sekou akamchokoza.

– Cheka tu. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka mkoa wa Lofa, risasi zikimfikia zinaomba radhi, zinapita pembeni. Na Saah kwao Lofa. Mtu kala mizizi ya porini miaka yote ile, virusi vikiingia vitakuta nini cha kula? Vimeona njaa, vikatoka vyenyewe.

– Kamba hiyo, Jenerali! – Redio hakukubali kupitwa. – Ugonjwa wenyewe haupo. Ni haya maji. Wanatunawisha mpaka mistari ya vidole ifutike, uchaguzi ukija, ukibandika kidole wanakwambia wewe si mtu.

– Mbona umenawa mara mbili tangu uje?

– Nanawa kwa tahadhari.

– Jamani, habari za hapa.

Saah alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro. Amekonda, shati linamning'inia kama limeanikwa. Alijaribu kutabasamu, na pengo lilikuwepo palepale. Chai ya Jenerali ikamwagikia suruali yake.

– Msiogope. Madaktari wamesema sina tena.

– Nani kaogopa? – akasema Redio, tayari yuko nyuma ya nguzo ya kibanda.

– Sijaja kukaa. Nimekuta mlango wa mama umepigiliwa ubao. Wameniambia alinifuata kwa kuugua, akafia humo ndani. Nataka kujua tu. Alipelekwa wapi?

Birika lilifurika kwenye makaa na Sekou hakulishughulikia.

Mwaka ule maiti za mjini zilichomwa moto, hilo kila mtu alilijua. Lakini Mama Sia, mama yake Saah, alichukuliwa na gari lipi, likashika njia ipi, majivu yake yako na ya nani? Redio alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliwaona watu wenye mavazi meupe wakimtoa. Na mama huyohuyo ndiye aliyemficha Redio chini ya kitanda siku tatu, vita vilipofika mtaani, akawaambia wapiganaji humo mna mihogo tu.

– Hata vitani – Jenerali alinong'ona – tulijua nani kaanguka wapi.

– Gari lilielekea upande gani? – Saah aliuliza tena, kwa upole.

– Sikuangalia – akasema Redio. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. – Nilifunga pazia, Saah. Nilifunga pazia nikakaa chini.

Saah alitikisa kichwa polepole, akageuka aende zake. Redio akatoka nyuma ya nguzo, akauruka mtaro.

– Ngoja, bwana. Wale wenye magari wana kituo chao. Twende tukaulize.

– Wewe? Na mimi?

– Mimi nitauliza, wewe utasimama tu.

– Akianza kuuliza huyo – Jenerali akapaza sauti – watampa majivu ya nchi nzima ili anyamaze!

Saah alicheka. Kicheko kilimuuma mbavu, ikabidi ainame, na Redio akamshika mkono asianguke.

Kituoni walisimama juani mpaka mchana ukaisha. Wakaambiwa warudi Jumatatu. Jioni walirejea kibandani bila jibu, miguu imejaa vumbi. Saah akakaa benchini, na hakuna aliyehama.