Mwenye Ubao Hashiki Moto

Risala ya Umoja wa Watumiaji Maji wa Mfereji wa Hinokuchi, Juu na Chini, siku ya kutia muhuri mradi wa mabomba mawili

Mgeni rasmi, Bwana Ueta Masanobu, Mkurugenzi wa Mashamba na Maji wa Mkoa,
Viongozi mliofuatana naye,
Mtawa wa hekalu letu,
Wazee wetu, mama zetu, na majirani wote wa Juu na wa Chini:

Aya hii ya kwanza haikuwamo. Imeandikwa sasa hivi juu ya goti, kwa hiyo tunaomba mvumilie ikisomwa kwa kusitasita. Msomaji pia anaomba mumtazame mgeni rasmi badala yake.

Mgeni rasmi, ratiba ilisema ungefika baada ya chai. Umefika kabla, na umetukuta katikati ya jambo letu la kila siku. Kila asubuhi ya msimu wa mpunga Mzee Sogo Tamekichi, ambaye ni mtu wa Juu, hushuka kwenye lango la mfereji kuinua ubao unaoliziba ili maji yaende Chini. Na kila asubuhi Bi Kozai Fumie, ambaye ni mtu wa Chini, hupanda kilima kumsimamia. Uliyoyasikia ukiwa ndani ya gari ni haya:

"Tamekichi! Ubao huo unauinua au unaubembeleza?"

"Mzito, shemeji. Umelowa. Njoo uuinue wewe."

"Nikiugusa mtasema Chini tumeiba. Inua! Maji yakinifikia yanakuwa yameshazeeka kama wewe."

"Basi yape shikamoo."

Hapo mlango wa gari ukafunguka. Mzee Tamekichi akageuka kukuinamia kwa heshima, ubao ukamponyoka, na maji yakakupokea kabla yetu. Tunaomba radhi sana. Viatu vyako viko jikoni, vimejazwa magazeti, karibu na sufuria ya tambi za udon lakini si karibu mno. Ndala ulizovaa ni za Bi Fumie. Anasema usijali kuhusu yale maua.

Ule haukuwa ugomvi, mgeni rasmi. Kwetu ule ndio mlio wa saa.

KARIBU

Karibu Hinokuchi. Tunajua umetoka mbali na una mabwawa mengi ya kutembelea, maana kisiwa chetu hiki cha Shikoku, hasa huku Sanuki, kina mabwawa kama uso wenye ndui. Tunakushukuru kwa kuchagua letu, ambalo si kubwa wala maarufu. Kina mama wa Juu wamekanda unga tangu jana, na kina mama wa Chini wamepika mchuzi. Tunakuomba usiseme ni kipi kitamu zaidi. Mgeni mmoja aliwahi kusema, na hadi leo anatajwa.

TULIKOTOKA

Hatuna mto wa kujivunia. Mvua nyingi huishia upande wa pili wa milima, kwa watu wengine. Kwa sababu hiyo mababu zetu walichimba Bwawa la Hinokuchi kwa majembe, wakatoa mfereji mmoja wenye lango moja. Juu hunywa kwanza, Chini humalizia. Hapo ndipo magomvi yetu yote yalipozaliwa, pamoja na nusu ya ndoa zetu, kwa sababu vijana waliotumwa kulinda maji wasiibwe walikutana na mabinti waliotumwa kazi hiyo hiyo kutoka upande wa pili.

Miaka ya ukame watu waligawana maji kwa kupima muda. Saa zilikuwapo, lakini kila saa ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na shamba. Hakuna aliyeamini saa ya mwenzake. Hatimaye mababu wakaamua kutumia kijiti cha udi, kile kile tunachowawashia marehemu wetu nyumbani. Nani angethubutu kuwaibia marehemu? Kila shamba likapewa kijiti kilichokatwa kulingana na ukubwa wake. Moshi ukikoma, ngoma inapigwa na ubao unainuliwa au kushushwa.

Wakaongeza sharti moja ili watu walale kwa amani: mwenye ubao hashiki moto, mwenye moto hashiki ubao. Lango liko kwenye ardhi ya Juu, kwa hiyo ubao ni wa Juu. Udi na ngoma vikawa vya Chini. Hakuna upande unaoweza kumwagilia hata kitalu cha vitunguu bila mwenzake kuwapo. Mwaka wa mvua udi hubaki kwenye mkebe wake. Mwaka wa ukame hutoka.

TUNAYOJIVUNIA

Kila mwisho wa baridi tunasafisha mfereji kwa pamoja, Juu wakishuka na Chini wakipanda, hadi tukutane langoni tukiwa na matope hadi kwenye nyusi. Zamani tulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi tunamaliza jua likizama, kwa kuwa tumebaki wachache na migongo yetu haikunjuki upesi. Lakini tunamaliza.

Vimulimuli wamerudi karibu na daraja. Pia hatujawahi kupelekana polisi kwa ajili ya maji. Kikao kimoja cha masika kiliisha kwa figili iliyochachushwa kurushwa hewani. Aliyeirusha hatutamtaja. Tutasema tu kwamba alikuwa na nguvu kuliko umri wake, na kwamba ndala zake zina maua.

MAJI YANAKOPOTELEA

Mgeni rasmi, tukisema mfereji wetu unavuja tutakuwa tunausifu. Kuanzia mti wa persimoni hadi kwenye daraja, saruji imepasuka kama kisigino cha mkulima, na maji yanayoingia hapo hayatoki yote.

Pili, wengi wetu ni wakulima wa Jumamosi. Mtu anafungua kibao cha shamba lake alfajiri akielekea kiwandani, anakuja kukikumbuka akiwa mjini na kijiko mdomoni. Tatu, yapo mashamba ambayo wenyewe walihamia Osaka zamani. Vibao vyake vimeoza, na maji huingia humo kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Yanakaa kidogo, yanapotea.

Hayo yote tunayajua. Lakini ni rahisi zaidi kulaumiana. Juu wanasema Chini wanaacha maji yamwagike baharini. Chini wanasema Juu wanaoshea magari.

Tatizo la nne ni ubao wenyewe. Mzee Tamekichi ametuambia kwa miaka mingi kwamba ni mzito, kwamba umelowa ukavimba, kwamba mgongo wake si wa jana. Kwa hiyo kila asubuhi maji ya Chini huchelewa, na yakichelewa huzagaa Juu mahali yasipohitajika.

Basi tulichoka. Masika ya mwaka jana tuliiandikia ofisi yako tukaomba mabomba mawili, kila upande na bomba lake na koki yake inayojifunga wakati ukifika. Tukaomba na Umoja huu ugawanywe kuwa vyama viwili, kila mtu abaki na maji yake na amani yake. Mlitusikiliza. Mlikuja kupima kwenye theluji. Leo umekuja na karatasi, na baada ya chakula Mzee Tamekichi anatakiwa kutia muhuri kwa niaba ya Juu, na Bi Fumie kwa niaba ya Chini.

Tunashukuru kwa dhati. Na ndiyo maana sehemu inayofuata imetuwia vigumu kuiandika.

ASUBUHI MOJA YA KIANGAZI

Baada ya ombi letu kufika kwako na kabla jibu halijarudi, kilikuja kile kiangazi unachokikumbuka. Bwawa lilishuka hadi tukaona mawe ambayo wazee waliyasikia tu kwa babu zao. Tukatoa udi kwenye mkebe.

Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine. Mzee Tamekichi alishusha ubao ili Juu wanywe zamu yao, akamtania Bi Fumie kidogo, kisha akarudi kwake kunywa chai akingoja ngoma. Bi Fumie akawasha udi ndani ya kisanduku, akaketi akiukinga upepo kwa mwili wake. Mkewe Mzee Tamekichi alishafariki. Mumewe Bi Fumie, ambaye alikuwa rafiki wa Mzee Tamekichi tangu shule, naye alishafariki. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamngoja yeyote kati yao nyumbani.

Udi ukazimika. Bi Fumie akapiga ngoma. Mzee hakutokea.

"Tamekichi! Udi umekufa!"

Akapiga tena. Watu wa Chini waliokuwa mashambani walimsikia akipaza sauti, wakacheka: leo wameanza mapema.

"Wee Tamekichi! Hiyo chai unainywa au unailima?"

Maji ambayo kwa haki sasa yalikuwa ya Chini yaliendelea kwenda Juu. Ubao ulikuwa mbele ya Bi Fumie. Hakuugusa, kwa sababu mwenye moto hashiki ubao. Siku nyingine yoyote angekuja kutuita wote tushuhudie wizi huo. Asubuhi ile aliitupa fimbo ya ngoma, akapanda kilima kwa goti lake bovu.

Alimkuta kwenye banda la majembe, amelala kifudifudi, joto limemwangusha, kikombe kando yake. Mtaro wa Juu unapita nyuma ya banda hilo. Bi Fumie alichota maji kwa kofia yake, akammwagia kichwani, akachota tena, akammwagia tena, yale yale maji ya Chini yaliyokuwa yanapotelea huko. Mzee alifungua macho.

"Shemeji," akasema. "Ubao..."

"Nyamaza. Ubao hauendi popote."

Gari la wagonjwa lilikuja, na akapona, kama ulivyojionea leo kwa gharama ya viatu vyako. Zamu ile Chini hawakuipata. Mpunga wa Bi Fumie, ambao uko mwisho kabisa wa mfereji, ulikauka pembeni ukawa wa njano. Hakuna mtu wa Chini aliyelalamika. Na baada ya siku chache kulikuwa na maji katika shamba lake, wakati haikuwa zamu yake. Watu wa Juu hadi leo wanasema hawajui yalifikaje.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulipoketi kuandaa risala hii tulikuwa na maombi manne.

La kwanza, tunaomba saruji kutoka kwenye mti wa persimoni hadi darajani. Mikono tunayo, ingawa ni ya kizee.

La pili, tunaomba mtusaidie kuwapata wenye mashamba yaliyoachwa, waturuhusu kuziba njia zake za maji. Sisi wakituona wanadhani tunataka kuyachukua.

La tatu ndilo linalotupa aibu, kwa sababu umekuja na karatasi na tumekulowesha. Tunaomba karatasi hiyo irudi bila mihuri. Tunaomba bomba moja, pale mfereji unapovuja zaidi tu, na lango libaki moja, na Umoja ubaki mmoja. Tunajua tuliomba kinyume chake. Tunajua mlipima kwenye theluji.

La nne lilikuwa lango jipya la chuma lenye usukani wa kuzungusha, kwa kuwa ubao ni mzito. Kwenye nakala yako utaona limekatwa kwa wino. Mzee Tamekichi na Bi Fumie wenyewe wameturuhusu tueleze kwa nini.

Katika kikao hicho, kabla ombi la tatu halijapitishwa, karani alikuwa akituelezea jinsi koki mpya zitakavyofanya kazi. Bi Fumie akamkatiza.

"Inajifunga yenyewe?"

"Ndiyo, Bibi. Muda ukiisha inajifunga."

"Bila mtu?"

"Bila mtu."

"Na mtu akiwa ameanguka?"

Karani alipekua maelezo yote. Hapakuwa na sehemu inayohusu hilo.

Mzee Tamekichi akajaribu kuleta mzaha. "Si vizuri, shemeji? Utalala mpaka jua likuchome. Hutaiona tena sura hii."

"Nyamaza wewe," akasema Bi Fumie, na akaweka kikombe chini. "Mnafikiri goti langu hili linapanda kile kilima kwa ajili ya maji? Shamba langu kama mkeka, hata mate yangetosha. Nakuja kuona kama umeamka. Haya, nimesema."

Aliyekuwa anamenya tunda aliacha kumenya. Mzee Tamekichi alitazama mikono yake.

"Ubao si mzito," akasema.

"Unasema?"

"Ubao, shemeji. Si mzito. Haujawahi kuwa mzito, hata mtoto angeuinua. Nilikuwa nakusubiri ufike."

Mgeni rasmi, ombi la nne tulilikata hapo hapo.

Mvua ikifika kwako ikukute chini ya paa, na popote utakapobisha hodi pawe na mtu wa kuitikia.

Ni sisi,
Umoja wa Watumiaji Maji wa Mfereji wa Hinokuchi,
Juu na Chini, mmoja.

Imesomwa kwa niaba yao na Tsukuda Mihoko, karani.