Jante Nne za Shofa

Sisi wa kijiweni kwa Mukasine, hapa Nyakabanda, hatuna sifa ya kuamka mapema tufanye kazi. Tunaamka mapema tunywe kahawa. Lakini Jumapili moja ya mwaka tisini na mbili tulikuta mbele ya benchi letu gari nyeupe ya bosi tusiyemjua, jante zake, zile rimu za alumini, hazionekani kwa tope jekundu. Alfajiri ile shofa wake, dereva wa kuajiriwa, alikuwa anapita zake tu, akamwona Bizimana, fundi cherehani wetu, anamkokota mkewe Xavérine kwenda hospitali, uchungu umemshika. Akasimama, akawapakia pamoja na mama mkwe, akakata njia ya bondeni iliyoharibiwa na mvua. Kwenye bariyeri iliyo kabla ya bonde, askari walipoona jante za namna ile wakainua mti bila kuuliza kitu. Wanaume hawaingizwi wodi ya wazazi, kwa hiyo akamrudisha Bizimana nyumbani, na sasa shofa amesinzia juu ya meza ya Bizimana ya kukatia nguo. Alikuwa ametuomba tumwamshe mapema. Bosi wake anashuka uwanja wa ndege wa Kanombe asubuhi hiyo, na bosi huyo huangalia jante kabla ya kusalimia. Akizikuta vile, shofa hana kazi tena.

— Jante inataka asidi, alisema Ntare, tunayemwita Bateri maana anachaji bateri za redio za mtaa mzima. Mimi iko nayo kwa nyumba. Unamwaga kidogo tu, uchafu unakimbia.

— Na jante inakimbia nayo, alijibu Mukasine, anamimina kahawa.

Melchior akaweka kikombe chini. Huyu tunamwita Bruseli, kwa sababu zamani alifua nguo kwa Mbelgiji na hajaacha kutuambia.

— Sha, nyinyi hamujui kitu. Kwa patron yangu tulisafisha na dawa ya meno.

— Gurudumu iko na meno? aliuliza Bateri.

— Kama haina meno, inakulaje barabara?

Bizimana alituacha tubishane. Alikuja na jerikani la maji, akachuchumaa kwenye gurudumu la kwanza, akaligusa kwa kiganja kuona kama limepoa, akaanza kulilowesha taratibu tope lilainike.

— Bizima, ngoja kwanza tuelewane!

— Endeleeni, ndugu zangu. Nawasikia.

Na mimi sikutaka kupitwa. Nikatoa la kwangu: mchanga laini wa mtoni. Sufuria zinang'aa kwa mchanga, jante itakataa kwa nini?

— Utaichora mpaka bosi akose pa kutia jicho, alisema Mukasine. Akamsogezea Bizimana maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga ya kuoshea vikombe vyake.

Bateri alikuwa bado na asidi yake kichwani, lakini akaona imekosa wateja.

— Basi petroli. Unapaka, unawasha kiberiti, kidogo tu, halafu unazima mbio mbio.

— Gari ya watu, Bateri?

— Nimesema kidogo!

— Bulaya hawahangaiki hivi, alisema Bruseli. Jante ikichafuka, wananunua gari ingine.

— Haya, tumununulie. Toa wewe kwanza.

Tulicheka mpaka Mukasine akatukumbusha kwamba kuna mtu amelala. Kugeuka, Bizimana alikuwa kwenye gurudumu la tatu. Alikuwa anasugua matundu ya jante kwa mswaki wake mwenyewe, anasuuza, halafu anakausha upesi kabla maji hayajaacha alama. Bateri akakitazama kile kitambaa alichokaushia Bizimana, akainuka.

— Bizima, hiyo flaneli nyeupe si ulinunua ya kufunika mtoto?

— Ndiyo hiyo.

— Sasa unapangusa nayo gari?

Bizimana hakuinua kichwa.

— Bila huyu shofa, mimi ningefunika nani?

Hapo hakuna aliyebaki benchini. Bruseli alivua koti lake, lile la Mbelgiji analolipenda kuliko sisi sote, akapiga magoti kwenye tope. Bateri akashika jerikani. Mimi nikashika mswaki. Gurudumu la nne tulilisafisha wote, na sijawahi kufurahia kazi namna ile maishani mwangu.

Shofa alipotoka, alizunguka gari lake mara mbili. Halafu akatushika mikono mmoja mmoja.

— Asante, wazee. Asante sana.

— Asante ni yetu, Shofa! tulimjibu. Pitia huku juu, lami iko karibu. Imana iguhe umugisha, Mungu akubariki!

Akaondoka, jante zinametameta. Hata vumbi lake halijatua, tukamwona mama mkwe Béatha anapanda kilima, anakuja huku anapiga vigelegele.

— Msichana! Na mama yake iko muzima!

Bizimana alikaa chini palepale, akalia kama hakuna mtu anayemtazama. Tulimwacha alie. Na sisi tulikuwa tunajifuta macho.

— Xavérine amenituma, alisema Béatha. Anataka mtoto achukue jina la yule mtu. Anaitwa nani?

Bateri akamtazama Bruseli. Bruseli akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mukasine, naye akafunua birika kana kwamba jina limo humo. Shofa, Shofa, asubuhi nzima tulimwita Shofa.

— Mmeosha matundu yote ya magurudumu yake, alisema Béatha, na jina hamkuuliza?

Jina hilo hatulijui mpaka sasa. Lakini kila gari yenye jante za kung'aa ikipita Nyakabanda, Bizimana huacha cherehani, hutoka mbio amtazame dereva. Akikuta si yule, humpungia hivyo hivyo, mikono yote miwili.

— Unamjua? tulimuuliza siku moja.

— Simjui. Lakini huenda na huyu aliwahi kubeba mke wa mtu.