Marehemu Gadiel Kaaya na Ndege ya Injini Moja

Wachungaji, shemeji Anjela, watoto, nanyi waombolezaji mliojaa hapa Akheri mpaka barabarani, mimi ni mdogo wake marehemu, sauti yangu haihitaji kipaza, nisikilizeni.

Kaka Gadiel alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Machi 1946, akasoma mpaka darasa la nne mwaka 1958, mimi hata huko sikufika, akalima kahawa, akafunga ndoa na Anjela tarehe 7 Juni 1969, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza ni Elifuraha, na serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara akawa mnunuzi wa kahawa, mkoa mzima hakuna aliyemfikia.

Mwaka 1997 akataka ndege, tukaenda wote Nairobi kuchagua, na ndege mimi nazijua kuliko wanaozitengeneza. Ya Wafaransa ina mbio kama risasi, lakini nyembamba, mnakaa magoti yanagusana, na inataka lami ndefu. Ya Wamarekani ngumu kama lori, inatua hata shambani, ila polepole, na juu sana haipandi. Ya Waswisi ina mbio za kutosha, inapanda mpaka Kilimanjaro unaiona kama kichuguu, inatua kwenye nyasi, mlango wa nyuma unapitisha ng'ombe mzima, na viti ni tisa. Mimi nilisema ya Wafaransa, mwanaume ni mbio, yeye akachukua ya Waswisi, akaniambia, "Mdogo wangu, sisi ni wengi."

Leseni ya urubani akaipata tarehe 3 Februari 1998. Lakini zote hizo ni injini moja, na shemeji alipofika uwanjani Kisongo akaizunguka, akasema, "Baba Elifuraha, gari likizima tunashuka tunasukuma, hili likizima tunashukia wapi?" Watu wakacheka, kaka naye akacheka, akamweleza kwamba ikizima inaelea mpaka ipate pa kutua, shemeji akarudi kwenye gari, watoto wakamfuata mama yao. Mimi nilipanda mpaka Mwanza, nusura niiendeshe mwenyewe, ila baadaye biashara zangu za kule Maji ya Chai zikanibana. Basi kila Jumapili baada ya ibada aliruka peke yake, akauzunguka Meru, akapita juu ya nyumba yake akitikisa mabawa, sisi tukapunga, akarudi kula chakula kimeshapoa. Viti vya nyuma vilibaki na nailoni ya dukani.

Mwaka 2000 figo zikaanza kumsumbua, akalazwa Nairobi, akafariki tarehe 14 Agosti 2001. Rubani wa kukodi akaenda na ndege ile ile kumleta. Kule Nairobi Elifuraha akamwambia mama yake gari la kurudi nalo lipo, shemeji akajibu, "Nimwache tena aende peke yake?" Akapanda, akakaa ubavuni mwa jeneza, na walipofika Meru akamwomba rubani azunguke mlima kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Akheri, wanunuzi wenzake wa kahawa, na vijana wa Kisongo waliombeba. Kaka, shemeji amenituma nikwambie hakujua kama huko juu ni kimya kiasi kile. Pumzika kwa amani.